Pipa Lililolala Chini ya Bati

4 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa hasira, kama mwenye nyumba aliyerudi safari akakuta mlango wazi.

Daftari hili nimepewa na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Kasema, "Mjomba, kila ukisimulia jambo, kesho yake limeota pembe. Andika basi, tujue pembe zilianza lini." Nikamjibu kwamba mimi sisemi uongo, ila ukweli wangu umeshiba. Kacheka, kaniachia na kalamu. Shule niliishia darasa la sita. Si kwa ujinga. Mwalimu aliona haya kunifundisha vitu nilivyokuwa namkosoa.

Mimi ni mwonjaji. Kiwandani wote wananiita Mjomba, hata wazee wenye mvi kuliko zangu. Wiski yetu ni ile inayoitwa burboni, ya mahindi, inalazwa miaka kwenye mapipa yaliyounguzwa ndani kwa moto. Wengine huyachanganya mahindi na nafaka kali zinazowasha. Sisi huchanganya na ngano, na ngano ndiyo inayoleta ulaini ule wa mkate uliopakwa asali. Nyingi hutiwa maji kabla ya kuingia chupani. Mapipa machache hayaguswi na maji, yanatoka na nguvu zake zote, na hayo hapewi mtu wa kubahatisha. Ukiyanusa kwa pupa, pua inakufa ganzi mpaka kesho. Mimi niliwahi kunusa tone moja nikawaambia gunia la ngano lililaliwa na paka, na paka mwenyewe ana mimba. Wakaenda kumwuliza mkulima. Paka alikuwa ameshazaa.

Kucheka mcheke. Lakini jambo moja hata adui zangu watawaambia: nikishashika glasi, sijawahi kudanganya. Nje ya chumba cha kuonjea ulimi huu ni wangu. Ndani ni wa kazi.

6 Machi

Mvua. Tumeonja mapipa ya kawaida. Moja lilikuwa na harufu ya soksi.

9 Machi

Nimekwenda kumwona shemeji. Yeye ni mume wa dada yangu, baba yake huyu mpwa wangu, na ndiye fundi mapipa wa kiwanda tangu mimi nina nywele. Wanamwita Nyundo. Moshi wa kuunguza mapipa umemla mapafu, na daktari amesema hakuna cha kurudisha. Ameacha kazi tangu mwisho wa kiangazi. Anakaa kitandani ameegemea mito, na kila pumzi anaifuata kama mtu anayekimbilia gari.

"Shemeji, bado upo?" nikamwuliza mlangoni.

"Nilikuwa naondoka, nikasikia sauti yako nikarudi. Siwezi kukuachia nyumba uisimulie peke yako."

Dada akaleta chai. Tukaongea habari za pipa, kwa sababu siku hizi hapo ndani hakuna habari nyingine.

Iko hivi. Kiwandani pana desturi: fundi mapipa akiondoka, anataja pipa moja kati ya aliyoyaunda kwa mikono yake. Linafunguliwa, watu watatu wa meza wanalionja. Likikubalika, linatiwa chupani bila tone la maji, na jina la fundi linaandikwa kwenye chupa. Likikataliwa, linamwagwa kwenye tangi kubwa na mengine yote, na habari yake imekwisha. Nyundo ametaja la mwisho aliloliunda kabla mashine haijaletwa.

"Niliomba liwekwe juu kabisa, chini ya bati," akasema. "Na ndani nikaliunguza kuliko mengine yote. Nilitaka liive."

"Hilo pipa analitaja kuliko watoto," dada akasema.

"Watoto hawajawahi kunyamaza. Pipa limenyamaza miaka yote." Akakohoa muda mrefu, tukaangalia pembeni. Kisha akasema polepole, "Shemeji, chupa zile zina jina la mwenye kiwanda. Zina jina la babu yake. Mwaka mmoja zikawa na jina la mbwa wake. Mimi nimeyashika mapipa yote yale, na hakuna mtu mmoja nje ya ukuta ule anayejua kwamba nilikuwapo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, pipa lake hata kabla ya kufunguliwa lilikuwa linawatisha panya wa ghala. Akacheka kwa macho tu. Kifua hakina tena nafasi ya kicheko.

11 Machi

Leo tumelifungua.

Tunafungua mapipa wakati wa mvua tu. Kiangazi ghala ni tanuri, mvuke wa pombe unakupiga kichwani kabla hujafika kwenye ngazi. Na lile la shemeji lilikuwa juu ya ngazi yote, bega kwa bega na bati. Kijana wa ghala akapanda na mrija wa shaba, akateremka na chupa ndogo. Akasema, "Mjomba, humo mmebaki kidogo. Zaidi ya nusu imenywewa na hewa."

Mezani tuko watatu: mpwa wangu, mimi, na meneja wa ghala, tunayemwita Miwani akiwa hayupo na bosi akiwapo. Sheria ya meza ni ya zamani. Mdogo anasema kwanza, ili mkubwa asimvute. Kisha wa kati. Mkubwa anasema mwisho, na wakitofautiana wale wawili, neno lake ndilo linalokaa. Mtu mwenye mdomo kama wangu kukaa kimya mpaka wenzake wamalize ni adhabu. Nimeizoea kama viatu vibaya.

Nikainua glasi dirishani. Rangi yake nyeusi kama dawa ya kifua, mpaka mwanga upite ndipo uone wekundu. Nikanusa mdomo wazi, kwa mbali. Mwanzo wake ulikuwa mzuri, nasema kweli: ganda la mkate uliotoka motoni, asali, vanila. Nikachukua funda la kwanza. Kwa wiski kali namna hii funda la kwanza ni salamu tu, linauchoma ulimi uzoee. La pili ndilo mazungumzo.

La pili likaja na moto, na utamu ukachungulia. Halafu mbao ikaufukuza. Uchungu ukashuka kama ngozi nyekundu ya karanga, ukakausha mashavu yote mawili, ukabaki. Nikatema kwenye ndoo. Ukabaki. Nikatia matone ya maji, maana kuna wiski kali ambayo maji huifungua kama barua. Kwa hii, asali ikakimbia, na mbao ikasimama peke yake.

Tukamgeukia mpwa wangu. Anajua ni pipa la nani. Ameshikilia ukingo wa meza, kucha nyeupe.

"Mbao imelimeza," akasema. "Mimi nakataa."

Sauti haikutetemeka. Nimemfundisha mimi huyo. Leo nilitamani ningemfundisha kusuka.

Miwani akajikuna kidevu. "Mimi nalipitisha. Kuna watu wanapenda ukali. Na huyu mzee ametutumikia."

Basi wakanitazama mimi.

Miaka yote sijawahi kuhitaji kufikiri wakati huo. Glasi inasema, mimi natafsiri. Leo nikasikia mdomo wangu unaomba lirudiwe. Sheria inaruhusu, mara moja, kabla mvua hazijaisha. Mpwa wangu akanitazama kama nimevua nguo.

Jioni nikapita kwa shemeji. Hata sijakaa vizuri akauliza, "Vipi?" Na mimi nikafungua bomba. Nikamwambia bado kuna utaratibu, lakini wiski yake, shemeji, nimeiweka mdomoni nikasahau jina la mke wangu. Nikamwambia Miwani alitoa miwani akaifuta, akadhani anaota. Nikamwambia nimekataa kutema, nikameza, mimi, ambaye simezi kazini hata kwa dawa. Alifumba macho akasikiliza. Uso wake ukawa laini kama wa mtoto anayeoshwa.

Na hapo sikuwa mezani. Sikushika glasi. Kwa hiyo sikuvunja sheria yangu. Naandika hivi ili nikisoma nikubali.

12 Machi

Mpwa wangu hajaniamkia.

15 Machi

Mvua tangu alfajiri. Paa la chumba cha kuonjea linavuja juu ya kiti cha Miwani, na hathubutu kukihamisha kwa sababu ya heshima ya nafasi yake. Ingekuwa siku nyingine ningeandika ukurasa mzima.

19 Machi

Shemeji kaniita. Hawezi kunywa, koo halipitishi hata uji bila ugomvi. Ila fundi mapipa ana njia yake: anamimina tone kiganjani, anasugua mikono mpaka pombe irukie hewani, kisha ananusa viganja. Kinachobaki mikononi ni nafaka na mbao tu, ndiyo siri yote ya pipa.

"Niletee kidogo la kwangu," akasema. "Nisugue tu. Maneno yako matamu, lakini nataka kulisikia lenyewe."

Nikasema, "Kesho tu, shemeji. Hilo ni jambo la kuomba?"

Njiani kurudi mvua ilininyeshea, na mwavuli nilikuwa nao mkononi.

20 Machi

Nimefanya jambo. Nililiona jepesi asubuhi.

Safu ya chini kabisa ya ghala, penye ubaridi, kuna pipa nililolipitisha wiki jana. Lenyewe ni la ngano vilevile, kali vilevile, nalo ni zuri mno: mkate, asali, tunda lililokaushwa, na mwisho mrefu laini. Na limeundwa kwa mashine. Nikachota humo. Nikajaza chupa ndogo, nikatia mfukoni, nikaenda.

Dada alikuwa dirishani anakunja nguo. Shemeji akanyoosha viganja. Mikono yake imepungua kila kitu isipokuwa sugu za kazi. Nikamimina. Akasugua polepole, akafunika uso kwa viganja, akavuta ile pumzi yake ndogo. Akakaa hivyo. Nikaanza kuzungumza, kwa kuwa kimya kinanidhuru. Nikasema hata kuku wa jirani wameacha kutaga kwa kusikia harufu.

Akashusha mikono. "Tamu sana," akasema. "Ahsante, shemeji. Umejisumbua."

Dada akatabasamu. Mimi nikatoka pale natembea kama nimeokoa meli.

24 Machi

Mpwa wangu amenifuata mpaka kwangu. Hakuketi.

"Mjomba, ulimpelekea baba nini?"

"Wiski."

"Ya nani?"

Nikaanza hadithi. Akaninyamazisha kwa mkono, mimi ninayemzidi umri wa nyumba hii.

"Alijua pale pale. Amesema pipa lile limelala chini penye ubaridi, halijaona bati hata siku moja. Amesema limeunguzwa juu juu, kwa moto wa mashine. Hakutaka kukuaibisha mbele ya mama."

"Basi kama amejua, si..."

"Sikiliza. Unajua alichosema? Amesema, 'Mjomba wako anadanganya juu ya jua na mvua, lakini hajawahi kudanganya kilichomo kwenye glasi. Akifika kudanganya hicho, basi langu si baya tu. Langu ni sumu.' Na amegeukia ukutani. Hajala tangu juzi."

Nikasema si sumu. Nikasema ni pipa lililopitiliza tu, tena mwanzo wake ni mzuri, lina ganda la mkate.

"Mwambie yeye," akasema. "Mimi yangu niliyasema mezani, na sheria hainiruhusu kuyatoa nje kabla wewe hujasema. Wewe ndiye uliyeyatoa nje. Na uliyoyatoa hayakuwa hata ya kweli."

Akaondoka kwenye mvua bila kuaga. Chai yake nimeinywa mimi, baridi.

27 Machi

Dada amekuja asubuhi, na kanga imelowa mpaka kiunoni. Dada yangu amenibeba mgongoni nilipokuwa sijui kutembea, kwa hiyo akija kwangu mimi ni wa umri ule ule.

"Mdogo wangu, neno la mwisho si lako?"

"Ni langu, dada."

"Basi utalipitisha."

"Dada, lile pipa..."

"Sijauliza lina ladha gani. Mimi sinywi. Yule mtu ananiishia mkononi, na atakapoisha nitabaki na kitanda na kikohozi kichwani. Nataka chupa moja, niiweke pale juu ya kabati, ina jina lake. Mtu akiingia asome." Akajifuta uso, mvua au si mvua. "Umedanganya maisha yako yote bure. Danganya mara moja kwa faida."

Nikamwambia ndiyo. Nani angemwambia hapana?

30 Machi

Mafuriko kwenye njia ya kiwandani. Hakuna kazi. Nimekaa.

2 Aprili

Leo nimepanda ngazi mwenyewe, na magoti haya, mpaka chini ya bati. Kijana wa ghala alitaka kupanda badala yangu, nikakataa. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kutosikia mawazo. Nikachota kwenye pipa la shemeji, nikapeleka.

Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Mpwa wangu alikuwapo. Nikasema mlangoni, kabla sijaingia, maana nikiingia ningeanza kupamba: "Shemeji, ile ya juzi haikuwa yako. Hii ndiyo yako."

Hakugeuka. Akatoa mkono tu nje ya shuka.

Hana tena nguvu ya kusugua. Binti yake akamimina, akashika mikono ya baba yake ndani ya mikono yake, akaisugua kwa niaba yake, kisha akaipeleka usoni. Tukasubiri. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda.

"Ndilo hili," akasema.

Akanusa tena. Kona ya mdomo ikasogea.

"Nimeliunguza mno. Bati na moto, vyote viwili. Nilikuwa na haraka ya nini?" Akapumzika. "Lakini si sumu."

"Si sumu, shemeji. Nani kasema sumu?"

"Wewe ulisema. Kwa ile chupa yako." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sasa lisemee kama unavyosema mezani. Usitie chumvi."

Nikasema. Nikasimama kama niko kazini, mikono nyuma. Nikasema rangi inayofanana na dawa ya kifua, wekundu ndani. Nikasema ganda la mkate, asali, vanila, dakika ya kwanza nzuri kuliko mapipa mengi niliyoyapitisha. Nikasema moto safi, usiokwaruza. Nikasema mbao inakuja mapema, inakaa, uchungu wa ngozi ya karanga, ulimi mkavu, na maji hayasaidii. Sijawahi kusema maneno machache namna hiyo katika nyumba ile. Alisikiliza yote macho wazi.

"Na mezani utasemaje?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na bakuli. Nikamwona.

"Kataa," shemeji akasema. "Mtu anunue, anywe, akunje uso, halafu asome jina langu? Bora nisijulikane."

"Na mimi nibaki na nini?" dada akasema.

"Nyundo zangu ziko chini ya kitanda. Usimpe huyu, atasema alizitengeneza yeye."

Ulikuwa utani, na mpwa wangu akacheka akilia. Dada hakucheka. Aliweka bakuli chini, akatoka akakaa barazani kutazama mvua, na nilipopita kwenda hakuniangalia.

8 Aprili

Meza imerudiwa. Mpwa wangu: anakataa. Miwani: anapitisha, na akanikonyeza, akidhani ananisaidia.

Nikaonja kwa haki. Nilitamani libadilike. Wiski huwa haijali unatamani nini.

Nikakataa.

Miwani akasema, "Mjomba! Shemeji yako huyo!" Nikasema najua ni nani. Nikasaini.

10 Aprili

Nimekwenda. Dada kafungua mlango, kaniona, kaufunga. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

13 Aprili

Hivyo hivyo.

17 Aprili

Shemeji amefariki asubuhi. Mvua.

21 Aprili

Tumemzika juzi katika tope. Watu wa kiwandani walikuja wengi, wakanizunguka wakisubiri nisimulie kisa cha Nyundo, maana kwenye misiba mimi ndiye ninayewapa watu ahueni. Ninavyo visa mia. Kuna kile cha pipa lililobingirika mpaka sokoni, na Nyundo ndani. Nikafungua mdomo, vikaja vyote, na vyote vilikuwa na pembe. Nilitafuta kimoja kisicho na pembe nikakosa. Nikawaambia alikuwa fundi. Wakasubiri niendelee. Sikuendelea.

Dada alikuwa amekaa na wanawake. Nilipomkaribia kumpa mkono akasema kwa sauti ya chini, ili nisikie mimi tu, "Kaa mbali nami. Alikufa hana kitu. Ulikuwa na neno moja tu la kumpa."

Nikasema alilikataa mwenyewe. Akasema, "Wagonjwa hukataa hata chakula."

24 Aprili

Sijui nani ana haki. Glasi ningejua.

29 Aprili

Leo wameteremsha pipa la Nyundo ili limwagwe tangini. Sikutakiwa kuwapo, kazi yangu hufika kwenye glasi na kuishia hapo. Nikaenda.

Kijana wa ghala akalibingirisha mpaka kwenye mfereji wa kumwagia, akazunguka akilitazama, akazunguka tena.

"Mjomba, njoo. Vijiti viko wapi?"

Ni hivi. Pipa ni mbao na pete za chuma tu, hakuna gundi, hakuna msumari. Kila pipa huvuja siku moja. Kiangazi mbao inajikunja, mvua inatanuka, na palipo na udhaifu patatoa jasho. Watu wa ghala hupigilia vijiti vidogo kuziba, na chini ya kila kijiti panabaki doa jeusi kama machozi ya wanja. Mapipa ya mashine yana vijiti kama nungunungu. Na yale ya safu ya juu, penye jua na baridi kwa zamu, ndiyo mabaya kuliko yote.

Hili halikuwa na kijiti. Tukaligeuza juu chini. Hakuna doa. Nikapitisha kiganja kwenye kila kiungo, mzunguko mzima, kama ninavyomwona mama akikagua mtoto mchanga. Kavu. Kilichopungua kilipita kwenye mbao kama pumzi, kama inavyopaswa. Kwenye kiungo halikupita tone.

"Sijawahi kuona," kijana akasema. "Aliyeliunda ni nani?"

Yaani haya ndiyo maneno ambayo Nyundo alitaka yasemwe, na yamesemwa leo, na kijana mwenye mafua, mbele yangu.

Kwenye karatasi ya meza, chini kabisa, pana mstari umeandikwa: Pipa. Miaka yote nimeuacha mtupu. Sisi wote tuliulizana wiski ina ladha gani. Hata yeye aliuliza hivyo. Yeye hakuwa mtu wa wiski. Mahindi hakulima, ngano hakusaga, bati hakulipigilia. Kazi yake ilikuwa kushika kilichomo kisitoke.

Nikaomba karatasi ile kwa Miwani. Nikaandika kwenye mstari: Halikuvuja. Miwani akasema, "Sasa hiyo ya nini, Mjomba? Limeshakataliwa." Nikamwambia ni ya pipa.

Wiski ikaenda tangini na nyingine. Ilitoa harufu ya mkate ghala zima, kwa dakika ile moja.

3 Mei

Pipa la burboni hutumika mara moja tu. Likimwagwa, huuzwa likakatwe lipandwe maua. Nimeliomba hili, nimepewa. Tumelipakia kwenye mkokoteni, mimi na mpwa wangu, tukalisukuma mvuani mpaka kwa dada.

Alitoka barazani. Nikamwambia yote, sikuongeza hata punje: vijiti, madoa, kijana wa ghala, mstari wa chini. Alisikiliza akitazama pipa, si mimi.

"Ungemwambia yeye," akasema.

"Sikujua, dada. Lilikuwa juu."

"Ulipanda. Binti yake ameniambia ulipanda na magoti yako."

Nilipanda. Nilisimama bega kwa bega nalo, chini ya bati, nikachota, nikashuka. Sikulitazama. Nilikuwa naangalia chupa.

Dada akasema liwekwe barazani, juu ya matofali, chini ya mfereji wa paa. Mpwa wangu akafungua kifuniko cha juu. Tukaliacha.

10 Mei

Mvua nyingi. Nimepita njiani, sikuingia. Pipa linajaa.

16 Mei

Miwani kahamisha kiti chake hatimaye. Hajatangaza.

22 Mei

Mvua imekatika. Anga kama sahani iliyooshwa. Mpwa wangu kasema kiwandani, "Mjomba, mama kasema upite." Sikumwuliza kwa nini. Nilipita.

Pipa limejaa mpaka ukingoni. Chini yake, katikati ya matofali, dada alikuwa ametandika magazeti ya zamani, ukingo kwa ukingo, kama wanavyotandika chini ya tundu la ndege. Kumbe tangu siku ile alikuwa anayakagua kila asubuhi. Mpwa wangu ndiye aliyeniambia. Yeye dada hakusema.

Nilipofika aliinama, mkono kiunoni, akavuta gazeti moja kutoka chini ya pipa. Akaliweka mkononi mwangu.

Nikalishika. Nikalipapasa pande zote mbili. Likatoa mlio ule wa karatasi iliyokaushwa.

"Wewe ndiye mwonjaji," dada akasema. "Sema."

"Kavu," nikasema.

Akasubiri kuona kama nitaongeza neno. Sikuongeza. Akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.